Vani Iliyosimama Mkia Juu

Haikuwa chai. Nimesema ni chai kwa miaka mingi hata wanangu huisimulia hivyo, na mwezi uliopita, kwenye mazishi ya Mama Amoit kule Kocholia, nilipopewa kipaza sauti niseme neno kama mtu aliyewahi kuishi kwake, nilisema tena kwamba ni chai. Nilieleza jinsi chupa ya thamosi ilivyofunguka mapajani mwangu kwenye kizuizi cha wanajeshi, ng'ambo ya mpaka. Waombolezaji wakacheka kama wanavyocheka watu waliochoka kulia, nami nikarudi kuketi nikiwa nimeridhika sana na nafsi yangu, maana mimi ni mwandishi wa makala na kicheko cha watu ndicho mshahara wangu wa kweli. Ekesa, shemeji ya marehemu, ambaye zamani alikuwa dereva wake na sasa ana meno machache, alikuwa kiti cha pili kutoka kwangu. Aliniinamia akasema polepole, "Mwalimu, siku ile hatukubeba thamosi." Basi. Niliogopa mpaka nikajikojolea, mtu mzima wa miaka kumi na tisa, nafasi ya chuo kikuu ikinisubiri Nairobi, nikiwa nimevaa nguo ya kazini kwa sababu ndiyo pekee niliyokuwa nayo ya rangi nyeusi.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa mwalimu asiye na mafunzo katika shule ya msingi karibu na Malaba, nikingoja chuo kifunguliwe, na nilipanga kwa Mama Amoit aliyekuwa na hoteli ya chai na ugali, na nyuma yake tanuri la mkate. Hakunipa chumba hasa. Alinipa kitanda cha binti yake Amoit, aliyekuwa akisomea uuguzi ng'ambo, Tororo. Ukuta wa chumba hicho ulikuwa mgongo wa tanuri. Nililala kwenye joto na kuamka nikinuka hamira, na wanafunzi wa darasa la nne walininusa nikipita kati ya madawati wakalalamika kwamba nawatia njaa. Amoit alipokuja likizo, sisi wasichana wawili tulilala mzungu wa nne kwenye kitanda hicho kimoja, tukapigana mateke na kupendana. Pasaka moja nilimpeleka kwetu Khunyangu. Mama yangu alimwona akichambua wimbi, akatangaza mbele ya wageni kwamba hatimaye amepata binti anayefaa. Sina zaidi la kusema juu ya nyumbani kwetu. Kila mtu ana nyumbani kwao.

Kupitia ukuta mwingine, uliopakana na meza za hoteli, niliyasikia mazungumzo ya mwaka ule. Wafanyabiashara wa ng'ambo walikuja kutafuta sabuni na sukari, wakanywa chai taratibu na kusema kwa sauti ya chini nani amechukuliwa. Hawakusema na nani, wala wapi. Walisema tu "amechukuliwa," kisha bei ya chumvi. Mazungumzo yakizidi kuwa mabaya, Mama Amoit aligonganisha sufuria jikoni kwa kelele, kana kwamba habari ni panya wa kufukuzwa. Kila juma alipeleka mkate ng'ambo kwa vani yake kuukuu ya kijivu. Wanajeshi wa kizuizini waliijua vani hiyo na walikuwa na mikate yao humo, na ndiyo sababu iliweza kuvuka wakati mabasi yalikuwa yamekoma.

Juma nitakalolisimulia lilianza na mkaguzi wa magari. Alikuja Jumatatu, akakagua magari ya biashara kwenye uwanja karibu na kituo cha polisi, mwanamume nadhifu wa soksi nyeupe aliyetandika gunia kabla ya kulala chini ya gari. Aliinua mbele ya vani kwa jeki, akashika gurudumu juu na chini na kulitikisa, nalo likacheza kama jino la mtoto. Kingpini, zile pini za kushikia magurudumu ya mbele, zimekwisha, akasema, na bushi zinazozizunguka zimekwisha. Akaenda nyuma. Jani kubwa la springi ya kushoto lilikuwa limepasuka, na raba za kwenye masikio ya springi zilikuwa zimegeuka unga. Alisimama akajipangusa vumbi.

"Mama, hii gari inatembea kwa neema tu," akasema. "Nikikupa stika leo, kesho nakuja kula mkate kwa matanga yako."

Angerudi Ijumaa. Hadi wakati huo vani haikuruhusiwa barabarani, na polisi wa upande wetu wasingeipitisha darajani bila stika. Mama Amoit alilichukua jambo hilo kwa utulivu, kwa kuwa Jumatatu lilikuwa bado jambo la gari tu. Jumanne akaja mwanamke muuza samaki aliyevuka kwa miguu. Aliingia moja kwa moja jikoni bila kuagiza kitu. Kwa mara ya kwanza sufuria hazikugongana, nami nikasikia yote. Wanajeshi walikuwa wameingia bweni la wanafunzi wauguzi. Wasichana wawili hawajarudi. Chuo kingefungwa Jumamosi na waliobaki watolewe nje ya lango, na kila mtu alijua nani angewangoja nje ya lango. Amoit alikuwa ametuma neno moja: Mama alete gari.

Fundi wetu alikuwa Zablon, aliyekuwa na gereji nyuma ya maduka, upande wa reli. Nilienda huko kila jioni baada ya shule, nikijidai nimepeleka chakula, lakini kwa kweli ni kwa sababu sikuweza kukaa hotelini nikimtazama Mama Amoit akikanda unga uliokwisha kukandwa. Zablon alizing'oa kingpini za zamani kwa nyundo, akazipasha moto zilipokataa. Ekesa alipata pini mpya na bushi zake Bungoma, akarudi nazo zimefungwa kwenye shati. Bushi zilikuwa nene kidogo. Zablon akaketi kutwa nzima akizikwangua kwa ndani, akijaribu pini, akitoa, akikwangua tena, huku akiimba nyimbo za kanisani kwao. Raba za springi alizikata kutoka tairi la lori. Jani lililopasuka alilibadilisha kwa jani la gari jingine, akalipasha katika makaa na kulipinda kwa jicho, bila kipimo. Mimi niliyekuwa na alama nzuri za historia nilimuuliza mara tatu kama gari litakuwa tayari Ijumaa. Mara ya tatu aliniambia, "Mwalimu, kaa pale kwa tairi. Ukisimama karibu na mimi hivyo, chuma pia inaogopa."

Ijumaa alasiri mkaguzi alitikisa magurudumu, hayakucheza. Alilala juu ya gunia lake, akagonga springi, akatoka akitabasamu kwa namna ambayo hatukuielewa, akabandika stika. Ekesa akaleta vani mbele ya hoteli akipiga honi. Mama Amoit alitoka akipangusa mikono, akasimama mlangoni. Mimi niliona gari lililopona tu. Yeye aliona mkia. Nyuma ya vani ilikuwa imeinuka juu, pua imeinama, kama kuku anayekunywa maji.

Inafaa nieleze jambo ambalo Malaba nzima ililijua na mimi sikulijua. Mwaka ule kahawa ilikuwa ikivuka mpaka kwa siri, na waliobeba magunia mazito waliongeza majani kwenye springi za nyuma ili gari lililojaa lisikae chini na kujitangaza. Basi gari la namna hiyo likiwa tupu, husimama mkia juu. Polisi wa kwetu walilijua umbo hilo. Wanajeshi wa ng'ambo walilijua zaidi, na kule mtu wa magendo hakupelekwa mahakamani.

Zablon alikuja kwa miguu, nyuma ya gari alilolitengeneza, amejaa furaha. "Nimekuongezea jani moja kila upande, Mama Mkate," akasema. "Hiyo ni zawadi. Ata ubebe nini, haikai chini."

"Zablon, mimi nabeba mkate."

"Ndiyo, Mama. Wote wanabeba mkate."

Hakuwa akimkejeli. Alikuwa akimheshimu. Kwa miezi mingi alikuwa amewatengenezea springi watu waliovuka kila juma, na hakuwahi kuuliza wanabeba nini, kwa sababu kule mpakani kumuuliza mtu shehena yake ilikuwa kukosa adabu. Naye Mama Amoit hakuwahi kumwambia, kwa sababu hakuwahi kuulizwa. Alipoelewa, uso wa Zablon ulibadilika. Lakini jua lilikuwa linatua, Sabato inaingia, naye alikuwa Msabato. Siku sita alikaza springi za magendo, ya saba hakushika spana. Alikuwa ameshanawa mikono. Ekesa alimsihi, akamtukana kidogo, akamsihi tena. Zablon alisema atayatoa majani yale Jumapili kabla watu hawajaamka, na machozi yalimlengalenga, lakini hakuinua mkono, wala hatukuwa na fundi mwingine. Jumapili haikuwa na faida kwetu.

Chakula cha jioni kilikuwa ugali na omena, na hakuna aliyekula. Tulikuwa Mama Amoit, Ekesa, mimi na wanawake wawili wa jikoni, na mazungumzo yalikuwa ya uzito wa kuushusha ule mkia. Mkate ndio shehena nyepesi kuliko zote. Ungeweza kuijaza vani mpaka darini na mkia ubaki juu. Unga ungehesabiwa magendo. Nilipendekeza mawe. Ekesa akasema, "Mwalimu, wakikuta mawe wataamini ni dhahabu, watatuua juu ya hiyo dhahabu." Nikafikiria tena, nikasema watu. Tujaze watu. Mmoja wa wale wanawake akasema wanawake wengi hawapandi gari moja kwenda ng'ambo siku hizi ila kwa msiba. Ndipo mpango ukajiunda wenyewe, mbele yetu, kama maziwa yanavyoganda: tungekuwa waombolezaji tunaokwenda kuchukua mwili hospitalini Tororo. Tungefunga matawi mbele ya gari, kama magari ya msiba. Wakati wa kurudi Amoit angekaa katikati yetu na kitambaa kichwani, na tungesema mwili umekataliwa. Nani huhesabu wanawake wenye msiba?

Mama Amoit alikataa. Kwao, na kwetu pia, kumlilia mtu aliye hai ni kumwonyesha kifo njia ya nyumbani. Alisema hataenda kumtafuta mtoto wake huku akimwombolezea. Mimi, msomi, nikamweleza kwamba kifo hakisomi rejista. Mwishowe akakubali, kwa masharti. Matawi, sawa. Vitambaa vyeusi, sawa. Lakini hakuna atakayelia, na hakuna atakayetaja jina la mtu yeyote wa nyumba hii. Tukalala bila kuchagua marehemu, na hakuna aliyeona kasoro hiyo. Nimesoma vitabu vingi tangu siku hiyo na bado najiuliza watu watano walishindwaje.

Asubuhi wanawake wa sokoni wakajazana. Mama Amoit aliwachagua kwa macho, waziwazi, kwa unene, na wao wakataniana juu ya hilo mpaka mlango ulipofungwa. Baada ya hapo hakuna aliyetaniana. Vani ilikaa chini vizuri. Polisi wa kwetu waliona stika na matawi, wakavua kofia. Tukavuka daraja. Usukani haukutetemeka tena, mbele kulikuwa kumetulia kabisa, na nakumbuka nilitamani utetemeke kama zamani, angalau kitu kimoja kiwe kile nilichokizoea.

Mwanajeshi wa ng'ambo hakuwa yule aliyezoea mkate wetu. Hakuja mlangoni. Alienda nyuma moja kwa moja, akachuchumaa, akatazama springi. Tulimsikia akizigonga kwa kitu cha chuma. Kisha akaweka buti juu ya bampa akasukuma, sote tukapanda na kushuka pamoja kama watoto kwenye bembea. Akafungua mlango. Mimi ndiye niliyekuwa karibu naye, kwa sababu nilikuwa mwembamba kuliko wote na nilitiwa mwisho kama kizibo.

"Poleni," akasema. "Nani amekufa?"

Nchi ile ilikuwa imejaa marehemu wa kuchagua. Nilikuwa na nyanya aliyekufa, na mwalimu wangu wa Kiingereza alikuwa amekufa, na kila jioni nilisikia majina mapya kupitia ukuta. Lakini kichwani mwangu kulikuwa na sharti moja tu, nisitaje mtu wa nyumba ile, na jina la Amoit lilikuwa limenijaa mdomo. Nililimeza. Jina lililopanda badala yake lilikuwa moja tu.

"Nabwire," nikasema.

"Nabwire nani?"

"Mwalimu. Anafundisha Malaba. Kwao ni Khunyangu."

Nikasikia wanawake wote nyuma yangu wakiacha kupumua, maana Nabwire ni mimi. Mwanajeshi akauliza alikufa na nini. Nikasema malaria. Akatutazama mmoja mmoja, akarudi kwangu.

"Nyabo," akaniita kwa heshima ya kwao, "mbona hamlii?"

Hapo ndipo maji yaliponitoka, kabla ya machozi. Niliyasikia ya moto yakishuka mpaka kwenye viatu. Kisha machozi yakaja, na sikuyaita. Nililia kwa sauti ambayo sikuijua, nikimlilia Nabwire, nikiitaja miaka yake kumi na tisa na chuo kikuu ambacho hatakiona, na wanawake wakanipokea. Mwisho nikaisikia sauti ya Mama Amoit kutoka mbele, nene na ya kukwama, ikilia kuliko sisi sote. Mwanajeshi alitazama sakafu ya gari pale miguuni pangu. Akafunga mlango taratibu, akatuambia twende.

Amoit hakuwepo. Lango la chuo lilikuwa limefungwa tayari, na mlinzi alisema wasichana walitolewa tangu Alhamisi, wengine walitembea, wengine walipakiwa kwenye lori, hakuuliza majina. Tulizunguka hospitalini tukiuliza wafagiaji na wapishi kwa sauti ya chini, na kila wanajeshi waliposogea Ekesa alipaza sauti na kusimulia upya habari za marehemu Nabwire, akizidi kumpamba, mpaka watu wa huko wakaanza kunipa pole kwa msiba wangu mwenyewe. Tukarudi. Kizuizini yule mwanajeshi aliuliza mwili uko wapi. Ekesa akasema ofisi ya hospitali imekataa, mpaka Jumatatu, karatasi hazijakamilika. Mwanajeshi akatikisa kichwa kwa huruma. Hilo aliliamini mara moja.

Siku zilizofuata ni zile ambazo sijawahi kuzisimulia kwenye kipaza sauti, kwa sababu hazichekeshi. Zablon alikuja Jumapili alfajiri, akatoa majani yale mawili, akayaacha ukutani. Vani ikasimama sawa, na haikuwa na pa kwenda. Mama Amoit alioka mkate. Hakunilaumu. Ila aliacha kuniita jina. Aliniita "wewe msichana," na wanawake wa jikoni wakamwiga, na nikagundua kwamba mimi mwenyewe, shuleni, nilikuwa nimeacha kuandika jina langu ubaoni. Usiku mbu akilia sikioni nilikaa kitako mpaka kuche. Nilijipima joto kwa kiganja. Nililala kwenye kitanda cha msichana ambaye labda amekufa, nikiwa na jina ambalo nilikuwa nimelikabidhi, na ingawa ningeweza kukuandikia hata wakati huo insha nzuri kuhusu imani za jadi na chanzo chake, niliogopa kila kitu. Niliogopa hata kuota homa.

Jumatano mchana mhudumu wa kituo cha petroli alikuja mbio. Kulikuwa na simu ya Mama Amoit, kutoka Khunyangu. Tulikimbia sote, unga mikononi. Ofisini pale palikuwa na simu nyeusi juu ya meza, mkono wake umelazwa kando ukikwaruza. Mama Amoit aliufikia, kisha akarudisha mikono yake nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyekatazwa. "Shika wewe," akaniambia.

Nikashika. Opareta akasema tuongee. Sauti ya kike, mbali, imekauka kwa kulia, ikasema inamtaka Mama Amoit.

"Yuko hapa," nikasema. "Sema tu."

"Mwambieni niko kwa mama yake Nabwire. Nilisikia hospitalini mlikuja kumchukua. Nilikuwa nimefichwa kwa mfagiaji, sikuweza kutoka. Nimevukia Busia, nikaja huku moja kwa moja kwa mazishi, na huku hata hawakuwa na habari, mimi ndiye nimewaambia." Ikavuta pumzi. "Wazee wanauliza mwili unaletwa lini."

Mama Amoit aliutazama uso wangu, akasoma humo alichokuwa akikiogopa tangu Jumanne ya juma lililopita. "Kama ni yeye, sema tu," akasema. "Sema."

"Ni yeye," nikasema. "Ni Amoit. Anaongea yeye mwenyewe. Yuko kwetu."

Aliketi chini palepale kwenye sakafu ya mafuta, na Ekesa akageukia ukuta. Mimi nilikuwa bado nimeushika mkono wa simu. Nyuma ya sauti ya Amoit, chumbani humo Khunyangu, nilisikia mwanamke mwingine akilia, na nilikijua kilio hicho kabla sijakitafuta.

"Amoit," nikasema, "ni mimi. Nabwire. Mpe mama simu."

Kitu kilianguka. Watu walisema maneno, mlango ukagonga, kisha kukawa kimya mpaka nikadhani opareta ametukata. Halafu nikasikia pumzi.

"Mama," nikasema.

Alikuwa akisikiliza.

"Mama, ni mimi."

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena.